Mpira wa Gesi Hupitisha Joto Kiasi Gani? Hesabu Muhimu kwa Nyumba na Vibanda vya Kondele

Gesi ya mitungi imekuwa sehemu ya maisha ya kila siku Kondele. Inachemsha chai asubuhi katika vyumba vya Manyatta, inapika chapati na chipsi kwenye vibanda vya kando ya barabara ya Kakamega, na inakaanga samaki katika mikahawa ya sokoni. Pamoja na matumizi hayo yamekuja mazoea mawili ambayo yanafaa kuchunguzwa upya. Kwanza, moto ukififia, wengine huondoa regyuleta ya kawaida na kuweka ya presha ya juu. Pili, jiko likihamishwa mbali na mtungi, mpira hurefushwa kwa kuungwa na kipande kingine.

Mazoea yote mawili yanatokana na dhana moja, kwamba mpira ndio unaobana gesi na kupunguza joto. Hesabu inaonyesha kwamba kwa jiko la kawaida dhana hiyo si ya kweli. Mpira mfupi wenye tundu la milimita 8 unaweza kupitisha joto linalozidi mahitaji ya nyumba mara kadhaa. Hatari ni kwamba mpira huo huo ukichomoka au kupasuka, chumba kinaweza kufikia hali ya kulipuka kwa dakika chache. Makala haya yanaeleza hesabu hiyo hatua kwa hatua, ili mkaazi aweze kuifanya mwenyewe kabla ya kununua au kubadilisha kifaa chochote.

JOTO LILILOMO NDANI YA KILO MOJA

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani. Ndani ya mtungi hukaa kama maji kwa sababu imeshindiliwa. Ikitoka hugeuka kuwa hewa, na lita moja ya gesi ya maji huwa zaidi ya lita 250 za gesi ya hewa.

Kilo moja ya gesi ikiungua yote hutoa joto la megajuli 46 hivi. Kwa kipimo ambacho wengi wamekizoea kutokana na bili ya stima, hiyo ni sawa na uniti 12.8, yaani kilowati 12.8 kwa muda wa saa moja. Nambari hii ya 12.8 ndiyo msingi wa hesabu yote.

Nguvu ya kichomeo, au bana kama wengi wanavyokiita, hupimwa kwa kilowati. Kichomeo kikubwa cha jiko la nyumbani huwa na takriban kilowati 3. Ili kujua kinatumia gesi kiasi gani kwa saa, gawanya kilowati kwa 12.8:

3 ÷ 12.8 = kilo 0.23 kwa saa, yaani gramu 230.

Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 ukitumika kwa kichomeo hicho kikiwa kimefunguliwa chote, utadumu saa 25 na nusu hivi. Mtungi wa kilo 13 utadumu saa 55. Anayetaka kujua gharama ya saa moja ya kupika kwa moto mkali achukue bei aliyonunua gesi ya kilo 6 na kuigawa kwa 25.5.

Mfano mwingine ni sufuria ya lita 2 za maji. Kuyatoa maji hayo kwenye nyuzi 25 hadi yachemke kunahitaji megajuli 0.6 hivi. Katika jiko la gesi, karibu nusu ya joto hupotelea hewani pembeni mwa sufuria. Kwa hiyo gesi inayoungua ni gramu 24 hivi, na kwa kichomeo cha kilowati 3 maji yatachemka kwa muda wa dakika 6. Ikiwa maji kiasi hicho yanachukua dakika 12 au 15, kuna tatizo mahali fulani, na sehemu zinazofuata zinasaidia kulitafuta.

GESI INAVYOPITA NDANI YA MPIRA

Regyuleta ya nyumbani hupokea gesi yenye presha kubwa kutoka kwenye mtungi na kuipunguza hadi milibari 30 hivi. Hiyo ni presha ndogo sana, sawa na uzito wa maji yenye kimo cha sentimita 30. Presha hiyo ndogo ndiyo inayosukuma gesi kupitia mpira hadi kwenye kitundu kidogo cha kichomeo kinachoitwa jeti.

Mita moja ya ujazo ya gesi katika hewa ya Kisumu ina uzito wa kilo 2 hivi. Kwa hiyo gramu 230 kwa saa ni sawa na lita 115 kwa saa. Ndani ya mpira wenye tundu la milimita 8, gesi hiyo husafiri kwa kasi ya sentimita 65 hivi kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea kwa utulivu.

Gesi inapopita hujisugua kwenye kuta za mpira na kupoteza presha kidogo. Kiasi kinachopotea hutegemea mambo matatu:

Urefu. Mpira ukirefushwa mara mbili, presha inayopotea huongezeka mara mbili.

Kiasi cha gesi. Gesi ikienda polepole, kuongeza mtiririko mara mbili huongeza hasara mara mbili. Ikienda kwa kasi na kuanza kuvurugika, hasara huongezeka zaidi ya mara tatu.

Upana wa tundu. Hili lina uzito kuliko yote. Tundu likipunguzwa kwa nusu, hasara huongezeka mara 16 au zaidi. Ndiyo maana mpira uliokunjwa, uliobanwa na mguu wa meza au uliokazwa kupita kiasi kwa klipu unaweza kufifisha moto ingawa mpira wenyewe ni mzima.

Hesabu ya mpira wenye tundu la milimita 8, presha ikiwa milibari 30, inatoa matokeo haya:

Kichomeo kimoja, kilowati 3 (kilo 0.23 kwa saa): katika mita 1.5 hupotea milibari 0.04.

Vichomeo viwili, kilowati 6 (kilo 0.47 kwa saa): katika mita 1.5 hupotea milibari 0.1 hivi.

Jiko la kibanda, kilowati 12 (kilo 0.94 kwa saa): katika mita 1.5 hupotea milibari 0.5. Katika mita 10 hupotea milibari 3.

Jiko kubwa la mkahawa, kilowati 24 (kilo 1.9 kwa saa): katika mita 1.5 hupotea milibari 1.6. Katika mita 10 hupotea zaidi ya milibari 10, ambayo ni theluthi ya presha yote.

Nyumbani, basi, hasara ni kama haipo. Hata kibanda chenye kilowati 12 kikitumia mpira wa mita 1.5 hakiwezi kuona tofauti kwa macho. Mtiririko kwenye jeti haushuki sawasawa na presha, hushuka polepole zaidi. Milibari 3 zikipotea kati ya 30, joto hupungua kwa asilimia 5 tu. Kwa hiyo kununua mpira mpana zaidi kwa ajili ya jiko la nyumba hakuongezi moto. Kwa mkahawa wenye kilowati 24 au zaidi na mtungi ulio mbali, mpira haufai. Kinachohitajika hapo ni bomba la chuma au la shaba lililowekwa na fundi aliyehitimu, na mpira mfupi wa kuunganisha mwishoni tu.

KISUMU SI MOMBASA

Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 12 hivi, na gesi iliyo ndani ya mpira nayo huwa nyepesi kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Matokeo yake ni kwamba jiko lile lile, kwa regyuleta ile ile, hutoa joto pungufu kidogo. Jiko lililoandikwa kilowati 3 hutoa kilowati 2.8 hivi Kondele.

Upungufu huo ni wa kawaida na hauharibu kitu. Maji pia huchemka mapema kidogo hapa, kwenye nyuzi 96 hivi. Si sababu ya kupanua kitundu cha jeti kwa msumari wala sindano, kama baadhi ya mafundi wa mitaani wanavyofanya. Jeti iliyopanuliwa hupitisha gesi nyingi kuliko hewa inayopatikana. Moto huwa wa manjano, sufuria hupata masizi, na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu, hujaa chumbani.

KWA NINI MOTO HUFIFIA

Kama mpira haulaumiwi, moto hufifia kwa nini? Kuna sababu nne za kuchunguza kwanza.

Ya kwanza ni jeti iliyoziba kwa mafuta, masizi au utando wa wadudu. Hii ndiyo rahisi zaidi kurekebisha, na huonekana pale kichomeo kimoja kinapofifia huku cha pili kikiwaka vizuri.

Ya pili ni regyuleta iliyochoka, au isiyokaa sawasawa juu ya mtungi. Hapa vichomeo vyote hufifia kwa pamoja.

Ya tatu ni mpira uliokunjwa au kubanwa, kama ilivyoelezwa.

Ya nne ni mtungi wenyewe kupoa. Sababu hii huwachanganya wengi, hasa wenye vibanda. Gesi ya maji ikigeuka kuwa gesi ya hewa hunyonya joto kutoka kwa gesi iliyobaki na kutoka kwa chuma cha mtungi, kama vile jasho linavyopoza ngozi linapokauka. Kila kilo inayogeuka hunyonya kilojuli 370 hivi.

Tuseme kibanda cha chapati kinatumia kilowati 12 kutoka kwenye mtungi mmoja wa kilo 6 uliojaa. Kwa saa moja hugeuka kilo 0.94, na joto linalonyonywa ni kilojuli 350 hivi. Mtungi huo pamoja na gesi yake hushuka nyuzi moja kwa kila kilojuli 18 zinazoondolewa. Kama hakungekuwa na joto linaloingia kutoka nje, mtungi ungeshuka nyuzi 19 kwa saa moja. Hewa ya nje hurudisha sehemu ya joto hilo, lakini mkono ukiugusa mtungi utahisi baridi, na mara nyingine maji huonekana yakitiririka nje kama kwenye chupa ya soda.

Gesi inapopoa, presha ndani ya mtungi hushuka. Propani hugeuka kuwa hewa hata kwenye baridi kali, lakini butani hukoma kugeuka ikikaribia nyuzi 0. Tena, propani hutangulia kutoka, na butani hubaki nyuma. Ndiyo maana mtungi unaokaribia kuisha huonekana umekwisha asubuhi ya mvua, na mchana jua likiwaka unapika tena.

Mtungi wa kilo 13 katika kazi hiyo hiyo ungeshuka nyuzi 9 tu kwa saa, kwa kuwa una gesi na chuma kingi zaidi cha kutoa joto. Kwa hiyo, mwenye kibanda ambaye moto wake hufifia baada ya saa moja anahitaji mtungi mkubwa zaidi. Mpira mpya hautamsaidia, na regyuleta ya presha ya juu haitaongeza gesi ambayo mtungi umeshindwa kuitoa.

Kuna jambo ambalo halifai kufanywa kamwe, nalo ni kuupasha mtungi joto kwa maji yanayochemka, makaa au moto. Presha ndani ya mtungi hupanda upesi, na gesi inayotoka hukutana na moto hapo hapo.

REGYULETA YA PRESHA YA JUU

Regyuleta ya presha ya juu ina kazi yake halali. Hutumika kwa vichomeo maalum vya kupikia vyakula vingi, ambavyo jeti yake, mpira wake na viungo vyake vimetengenezwa kwa presha hiyo. Matatizo huanza inapofungwa kwenye jiko la nyumbani.

Hesabu ni hii. Presha ikipanda kutoka milibari 30 hadi bari moja, imeongezeka zaidi ya mara 30. Kwenye jeti ile ile, mtiririko huongezeka karibu mara 6. Kichomeo cha kilowati 3 hulazimishwa kupitisha gesi ya kilowati 17 hivi. Hewa haitoshi kuichoma yote, miali hupanda juu ya sufuria na kuruka mbali na kichomeo, na vifungo vya jiko ambavyo havikuundwa kwa presha hiyo huanza kuvuja. Mpira uliofungwa kwa klipu ya kawaida unaweza kusukumwa ukachomoka.

Kila regyuleta huandikwa kiasi cha juu cha gesi inayoweza kupitisha, kwa kilo kwa saa. Hii ndiyo nambari ya kusoma dukani kabla ya kulipa. Zidisha kilo hizo kwa 12.8 upate kilowati. Regyuleta iliyoandikwa kilo 1.5 kwa saa inaweza kulisha kilowati 19, kiasi kinachotosha jiko la nyumbani la vichomeo vinne na kubakiza. Mwenye jiko kama hilo hana sababu ya kutafuta regyuleta kubwa zaidi.

MPIRA UKICHOMOKA, MUDA NI KIASI GANI?

Hesabu hizo hizo zinaonyesha jambo zito zaidi. Mpira ukichomoka kwenye jiko huku mtungi ukiwa wazi, jeti haizuii gesi tena. Kinachobaki kuizuia ni regyuleta pekee.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili. Haipandi juu na kutoka dirishani. Hutambaa sakafuni, huingia chini ya kitanda na kupenya chini ya mlango hadi kwa jirani. Huweza kuwaka pale inapofikia karibu asilimia 2 ya hewa.

Chukua chumba cha futi 10 kwa 10, ambacho ni cha kawaida Kondele, Manyatta na Obunga. Sakafu yake ni mita 9 za mraba. Hewa iliyo kati ya sakafu na kimo cha sentimita 30 ni mita 2.7 za ujazo. Ili tabaka hilo la chini liweze kuwaka, inahitajika gesi ya lita 50 hivi, ambayo ni gramu 100 tu.

Regyuleta inayopitisha kilo 1.5 kwa saa hutoa gramu 25 kwa dakika. Gramu 100 hutimia kwa dakika 4.

Regyuleta inayopitisha kilo 4 kwa saa hutimiza kiasi hicho kwa dakika moja na nusu.

Dakika nne zinaweza kumtosha mtu aliye macho kusikia harufu, kufunga mtungi na kufungua mlango. Dakika moja na nusu hazimtoshi mtu aliyetoka kuchota maji au aliyelala. Na katika nyumba ambayo jiko la makaa, koroboi au swichi ya stima iko karibu na sakafu, cheche haikosi kupatikana.

Wakenya walishuhudia uwezo wa gesi hii usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lilipolipuka mtaani Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Watu walifariki na mamia wakajeruhiwa. Gesi iliyokuwa pale ilikuwa nyingi kuliko ya mtungi wa nyumbani, lakini tabia yake ni ile ile: hutambaa chini, hutafuta moto, na ikiupata haimsubiri mtu.

Kwa sababu hiyo, mpira mrefu una hasara hata pale unapopitisha joto la kutosha. Kila mita inayoongezwa ni mita nyingine ya kukanyagwa, kutafunwa na panya, kuguswa na sufuria ya moto au kupitishwa chini ya zulia ambapo hakuna anayeikagua. Kila kiungo kilichoongezwa ni mahali pengine pa kuvuja.

JINSI YA KUPIMA MWENYEWE

Mkaazi anaweza kupima mtiririko wa gesi yake bila kifaa maalum. Kinachohitajika ni mizani na saa.

1. Pima uzito wa mtungi kabla ya kupika na uandike.

2. Pika kama kawaida huku ukiandika muda ambao kila kichomeo kinawaka. Mizani ya sokoni haionyeshi tofauti ndogo vizuri, hivyo ni bora kujumlisha saa za siku mbili au tatu.

3. Pima tena. Gawanya kilo zilizopungua kwa saa zilizotumika. Zidisha jibu kwa 12.8 upate kilowati.

Kwa mfano, kilo 1.4 zikitumika kwa saa 6 za kichomeo kimoja kikubwa kilichofunguliwa chote, ni kilo 0.23 kwa saa, sawa na kilowati 3. Hali ni nzuri. Kama uzito unapungua hata siku ambazo jiko halijawashwa, gesi inavuja.

Mizani pia husaidia wakati wa kununua. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Mtungi wa kilo 6 uliojazwa sawasawa unapaswa kuwa na uzito huo ukiongezwa kilo 6. Mnunuzi ana haki ya kuomba upimwe mbele yake.

KUCHAGUA NA KUTUNZA MPIRA

Nunua mpira uliotengenezwa kwa ajili ya gesi ya kupikia, wenye alama ya ubora ya KEBS, na wenye maandishi yanayoonyesha presha unayoimudu na tarehe. Mpira wa maji haufai hata kwa siku moja. Gesi hulainisha aina fulani za mpira na kukausha aina nyingine mpaka zikapasuka.

Tumia mpira usiozidi mita 1.5 kwa jiko la nyumbani, kipande kimoja kisichoungwa. Usiupitishe ukutani, chini ya zulia wala nyuma ya jiko palipo na joto.

Funga kila upande kwa klipu ya kukaza kwa bisibisi. Waya na kamba ya mpira hulegea.

Weka mtungi ukiwa umesimama wima, mahali penye hewa, mbali na jiko la makaa. Mtungi uliolazwa unaweza kupeleka gesi ya maji kwenye mpira, na miali ikaruka ghafla.

Kila mwezi, na kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regyuleta, klipu na mpira wote huku jiko likiwa limezimwa na mtungi umefunguliwa. Povu likitoa mapovu yanayokua, hapo panavuja. Usitafute mvujo kwa kiberiti.

Mpira uliopasuka, uliokuwa mgumu, uliovimba au uliopitisha tarehe yake ubadilishwe wote. Usikate sehemu mbovu na kuunga.

GESI IKIVUJA

Ukisikia harufu ya gesi, zima moto wowote ulio karibu nawe na ufunge mtungi kama unaweza kuufikia salama. Usiwashe wala kuzima taa, na usitumie simu ukiwa ndani. Fungua milango na madirisha. Toa watoto na wazee nje, na uwajulishe majirani, kwa sababu gesi hupita chini ya milango. Ukiwa nje na mbali, piga 999 au 112. Usirudi ndani kuchukua vitu.

Aliyeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitalini. Dawa ya meno, mafuta na unga havipakwi kwenye kidonda cha moto.

MAHALI PA KURIPOTI

Chini ya kanuni za gesi za mwaka 2019, muuzaji wa gesi ya mitungi anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, na hairuhusiwi kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya kampuni hiyo. Mkaazi anayeona gesi ikihamishwa kutoka mtungi mmoja hadi mwingine katika nyumba, uani au nyuma ya duka anaombwa kuripoti kwa EPRA, kwa polisi au kwa msimamizi wa wadi. Mipira na regyuleta zisizo na alama ya ubora ziripotiwe kwa KEBS.

Kwa ufupi, kabla ya kubadilisha kifaa chochote, kata hii iwekwe jikoni:

Kilowati za jiko ÷ 12.8 = kilo za gesi kwa saa.

Kilo hizo zisizidi kilo zilizoandikwa kwenye regyuleta.

Mpira wa gesi, tundu la milimita 8, usiozidi mita 1.5, unatosha jiko lolote la nyumbani.

Moto ukififia, kagua jeti, regyuleta, mikunjo ya mpira na ubaridi wa mtungi. Presha isiongezwe.